Nukta Kwenye Kifuniko cha Mkebe

Likoni, Jumapili, baada ya kanisa

Mwalimu wangu Athmani,

Shikamoo. Najua leo hutaitika, lakini kwa miaka kumi nimekuwa nikipanda kibaraza chako nikianza na shikamoo, nawe ukinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye kazi: "Marahaba, Nzai, umechelewa." Hata nikija kabla ya jua kukolea, nimechelewa. Kwa hivyo marahaba nitajiitikia mwenyewe, na kuchelewa nakubali. Safari hii nimechelewa kweli.

Nakuandikia juu ya ile karatasi ya mgongoni mwa stika, ile laini inayobaki tukishabandua herufi. Daftari nimeona si la barua kama hii. Kalamu yateleza, wino unajivuta hadi kwenye mkono wa shati. Ungeuona mwandiko ungesema lile neno lako, kwamba kuku wa Rabai amepita hapa akitafuta mtama. Sawa. Kuku ni yule yule, mwalimu, ila mtama ndio umekwisha.

Miezi ni minne tu tangu ututoke, na mambo yamebadilika. Bati la kibaraza, lile ulilokuwa ukisema utalibadilisha baada ya Idi bila kutaja Idi ya mwaka gani, limebadilishwa. Mkweo alipanda mwenyewe. Mvua ikinyesha sasa hatuhamishi turubai, tunabaki tumekaa tu tukitazamana mimi na paka wako, ambaye bado anataka kulala juu ya kazi safi. Namfukuza kwa sauti yako. Ya kwangu haisikii.

Na ng'ambo, mjini, kuna duka limeleta mashine ya kukata herufi. Haki ya Mungu. Unaiandikia jina kama unapiga taipu, nayo inakata yenyewe, chwi chwi chwi, na wala haiombi chai. Nilivuka kwa feri kwenda kuitazama. Nilisimama pale mlangoni kama mwanamke aliyekwenda kumchungulia mke mwenzake. Herufi zake ni safi, sitaki kusema uongo, uongo ninao wa kutosha. Lakini nuni yake, ile herufi ya Kiarabu, mwalimu! Imekaa kama bakuli la plastiki. Ungecheka mpaka ukohoe.

Watu bado wanakuja wakiuliza, "Fundi Athmani yupo?" Nikiwaambia umetangulia, wanatazama brashi zako ukutani, kisha wananitazama mimi. Kuna mama mmoja wa Mtongwe aliniuliza, "Na wewe ni nani?" Miaka kumi! Nikamwambia mimi ndiye yule mnene aliyekuwa akishika ngazi. Akasema, "Aa, wewe." Nikamtengenezea bango lake.

Naona nazunguka. Ungekuwa umeshaniuliza zamani, "Nzai, hiyo hadithi ina mwili ama ni nguo tupu?" Ina mwili. Niache nivute pumzi kwanza.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa na miaka thelathini na sita, watoto watatu nyumbani Frere Town, na kiwanda cha Changamwe kimetufungia lango asubuhi moja bila kutuambia kwaheri. Mtu mzima mwenye kitambi, anaomba kufundishwa kazi. Kila fundi niliyemwendea alidhani namtania. Wewe ulinipa brashi na ubao, ukaniambia nipige mstari mmoja tu, kutoka hapa mpaka pale. Nikapiga, ulimi nje kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ukautazama, ukainamisha kichwa huku, ukainamisha kule.

"Mstari huu umekuja kwa miguu kutoka Changamwe?"

Mkeo Bi Mwanaisha alicheka kule ndani mpaka akaangusha kifuniko cha sufuria. Nikajua nimekosa kazi. Kumbe ulikuwa umeshanyoosha mkono kunipa ubao wa pili.

Kupaka rangi sikuwahi kukuweza. Stika ilipokuja, Mungu alinihurumia. Wateja walianza kutaka mabango yanayong'aa, turubai jeupe la kupita juu ya barabara, na herufi za kubandika. Ulizishika mara moja tu zile stika, ukazirudisha. Ulisema zanata vidoleni kama halua, na ya kwamba rangi huingia ndani ya kitambaa ikakaa kama mwenyeji, hii yabarizi juu tu. Tukagawana kazi. Wewe unachora kwa penseli ile nene, mimi nakata kwa wembe na kubandika. Macho yako yalikuwa yameanza ukungu, lakini mkono wako ulikuwa unaona. Uliweza kuchora neno la urefu wa gari bila kurudi nyuma kutazama, mimi nikipita baada yako na wembe, nikishika pumzi kila penye kona.

Kisha kulikuwa na kazi ile moja ya mwaka, ambayo haikuwa kama kazi nyingine. Bango la Maulidi.

Kabla yangu uliliandika kwa brashi miaka na miaka, na Likoni nzima walijua mkono wa nani. Ulikuwa ukitawadha kwanza. Unatandika mkeka safi juu ya mkeka wa kazi. Na rangi iliyobaki kwenye brashi hukuiosha penye mfereji, uliiosha ndani ya bakuli, maji yake ukayamwaga chini ya mnazi, pasipopitwa. Tulipoanza kulifanya kwa stika, ulikuja na desturi zako zote. Vile vipande vinavyobaki, yale matumbo ya herufi, vinyuzi na vijipembe ambavyo mimi huvirusha popote, kwenye bango lile hukuniruhusu. Vyote viliingia kwenye mfuko wa kitambaa, na mwisho wa kazi ulivifukia pale pale mnazini. Nilikuuliza, mbona, hivi si maneno, ni makombo tu. Ukasema, "Vimelala pamoja na maneno. Vina adabu yao."

Na mimi Mkristo, mwimbaji wa besi kanisani, ukaniachia wembe. Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati, alikuja kukusemesha kando, lakini ile kando yenu ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. "Athmani, kazi kama hii, na huyu si wa dini." Nawe ukamjibu kwa sauti, ili nisipate taabu ya kutega sikio, "Bakari, mikono ya Nzai nimeiona kwa miaka. Ni safi." Kisha ukanigeukia. Uliniomba mambo mawili tu. Nioshe mikono mpaka kwenye viwiko. Na turubai nilipanguse lote kwa spiriti, likauke, ndipo nibandike. Turubai jipya linatoka dukani na mafuta yake, na hewa yetu ya huku ina chumvi. Bila spiriti, stika inashika chumvi, haishiki turubai.

Mambo mawili. Nilitimiza moja na nusu.

Hapa ndipo mwili wa barua ulipo, mwalimu. Ilikuwa mwaka ule, miaka mitatu nyuma sasa, siku mbili kabla ya zefe, yale maandamano ya Maulidi. Alhamisi nilipangusa nusu ya chini kwa spiriti, nikabandika KARIBUNI, kwa herufi za kizungu. Ikashika kama imezaliwa pale. Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya mstari wa juu, yale maneno yako mawili ya Kiarabu, Maulidi ya Nabii, herufi za kijani zilizoshikana mikono, na nukta zake za dhahabu ulizozibuni wewe. Ulikuwa umenifundisha kwa vidole: nuni ina nukta moja juu, be moja chini, ye mbili chini. Nukta nne, kila moja kama kisahani cha kikombe. Ukaenda zako kuoga ujiandae kwa sala.

Nikaishika chupa ya spiriti. Ilikuwa tupu.

Ilikuwa tupu kwa sababu nilikuwa nimeimaliza mwenyewe asubuhi ile, kuwashia jiko la pampu. Ili nipike chai. Lile jiko halikukubali kiberiti mara ya kwanza, nikamwaga tena, halikukubali, nikamwaga tena. Chai yenyewe niliiunguza maziwa. Nasema haya yote kwa sababu nimetafuta kwa miaka sababu yenye heshima kidogo, homa, mtoto mgonjwa, na sikuipata. Ni chai.

Duka lilikuwa mbali kiasi cha mtu kunung'unika tu. Jua lilikuwa kali. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye maji, nikalipangusa turubai kwa bidii sana, kama mtu anayetazamwa. Nikakausha kwa khanga kuukuu. Nikabandika. Mwalimu, lilikaa vizuri! Hakuna hata kiputo kimoja cha hewa. Nilirudi nyuma nikajisifu. Ukatoka na kanzu yako nyeupe, harufu ya sabuni, ukasimama ukilitazama kwa yale macho yako ya ukungu.

"Umepangusa?"

"Nimepangusa, mwalimu."

Ukanipiga begani, ukaenda msikitini.

Siku ya zefe tulilipandisha mapema, upande mmoja kwenye mnazi, upande wa pili kwenye nguzo ya simu, juu ya barabara. Mpaka adhuhuri lilisimama kama bendera ya serikali. Nilikuja na mke wangu tutazame, nikamwonyesha herufi nilizozikata mimi. Zefe ikaja, matwari, vijana wa vyuo kwa safu, kanzu mpya zinakwaruza, na upepo wa baharini nao ukaja kutazama. Kona ya juu ikafanya hivi, kama ukurasa wa kitabu. Nikaiona. Niliiona kabla ya mtu yeyote, na nikasema moyoni, itarudi.

Nukta ya kwanza ilimwangukia Mzee Bakari kwenye kofia. Watu wakacheka, naye akacheka, akaishika akaitazama kama aliyeokota sarafu. Mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe. Kisha neno zima, lile la Nabii, likajibandua. Halikuanguka kwa ghafla, lilijivua taratibu kutoka kulia hadi kushoto, likapeperuka, likashuka katikati ya safu ya wapiga matwari. Hawakuliona. Walikuwa wameinua nyuso. Safu mbili zilipita juu yake kabla mtu hajapiga kelele.

Sijawahi kusikia matwari yakinyamaza namna ile, moja moja, mpaka la mwisho.

Wewe ndiwe uliyepiga goti. Uliliinua neno kwa mikono miwili, ukalifuta tope kwa kanzu yako mpya, ukaliweka juu ya kichwa. Ukaokota na nukta, moja moja. Kijana mmoja akauliza, na sauti yake haikuwa ya kuuliza, "Nani alibandika hili?" Nikahisi mkono wa mke wangu ukinishika shati nyuma. Macho yalikuwa yameanza kutafuta, na mwenye kutafuta alijua wapi pa kutafuta, mnene, Mkristo, amesimama kando ya nguzo.

Ukasema, "Ni mimi."

Maneno mawili. Hukunitazama hata. Ukasema tena, kwa walioko nyuma, "Ni mimi. Nisameheni."

Nami nilikuwa hatua kumi kutoka kwako, nina ulimi mzima, nina besi inayosikika mpaka nje ya kanisa. Sikusema kitu.

Unajua baadaye nilijiambiaje? Nilijiambia nitakueleza jioni. Jioni nikajiambia umechoka. Kesho yake nilikukuta kibarazani umeinamia kibao cha mwenye bucha, ukaniambia, "Marahaba, umechelewa," kama kwamba hakuna jambo, nami nikashukuru kwamba hakuna jambo. Ndivyo ilivyokuwa. Wako waliokusema. Nilimsikia muuza samaki akimwambia mwenzake, Athmani macho yamekwisha, angepumzika, tazama alivyotuaibisha mbele ya wageni. Nilikuwa pale nachagua samaki, changu. Nikachagua, nikaondoka.

Mwaka uliofuata kamati haikuja kwako. Ilikuja kwangu. Mzee Bakari alisimama pale ngazini akasema, "Nzai, bango la Maulidi mwaka huu utalifanya wewe." Wewe ulikuwa ndani, umelala kidogo. Na mimi, mwalimu, nilikubali. Nilikuja kukuomba unichoree maneno, nawe ukanichorea, ukanipa na chupa ya spiriti mkononi, mpya, imejaa. Nilidhani ni ukarimu tu. Mimi ni mzito wa kuelewa, unajua.

Mwaka wa pili pia nilikubali.

Na kila Ijumaa ukirudi msikitini, tukila ule wali wa Bi Mwanaisha, ulikuwa ukiniuliza neno moja. Ukishalamba vidole, ukishasema alhamdulillahi, unaniuliza, "Nzai, una la kuniambia?" Nilidhani ni mazoea yako ya kushiba. Nikawa na majibu yangu. Mara nasema, "Ndiyo, mwalimu, wali umepungua nazi." Mara nasema, "Ndiyo, timu yako imefungwa tena." Unacheka. Bi Mwanaisha anacheka. Siku hizi nikila Ijumaa kwangu, mke wangu huniuliza mbona nimeacha sahani nusu.

Ijumaa ya mwisho ulikuwa kitandani, na sauti imebaki kama ya karatasi. Uliniuliza tena. Nikasema, "Pona kwanza, mwalimu, nina mengi." Ukatikisa kichwa kidogo. Sikujua maana yake, au nilijua.

Siku ya maziko imamu alisimama mbele ya jeneza akauliza, kama ilivyo desturi yenu, mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, nimeshika viatu vyangu mkononi na wala sikuwa nimeambiwa nivivue. Hakujitokeza mtu. Nikangoja aulize na upande wa pili, ni nani aliyeshika haki ya marehemu. Hawaulizi hilo. Nilisema laiti wangeuliza. Lakini kwa nini nikudanganye tena, ningenyamaza vile vile.

Sasa sikiliza kilichonileta kwenye karatasi hii.

Jumatatu iliyopita Bi Mwanaisha aliniita. Eda yake yakaribia kwisha, anapanga vitu vyako. Alikuwa nyuma ya pazia, akasema, "Nzai, kile cha bluu ni chako. Alisema usipewe mpaka ukaribie mwezi wa Maulidi." Ule mkebe wako wa biskuti, wa brashi nzuri, ambao mimi sikuruhusiwa hata kuufuta vumbi. Niliubeba mpaka kibarazani, nikaufungua. Brashi zote safi, zimefungwa kwa kitambaa. Nikageuza kifuniko.

Ndani ya kifuniko, katikati sawasawa, kuna nukta moja ya dhahabu. Ukingoni ina alama ndogo ya tope ambayo haikutoka. Umeibandika mwenyewe, wewe usiyegusa stika. Na lile bati karibu yake lang'aa namna ya pekee, namna ninayoijua, pamepanguswa kwa spiriti. Nikaweka ukucha chini ya ukingo wake. Haibanduki. Nikajaribu tena kwa ncha ya wembe, kidogo tu, nikaacha. Nilikaa na kile kifuniko mapajani mpaka paka akaja kuuliza habari.

Ulijua. Ulijua tangu siku ile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bakari. Nilimkuta mlangoni kwake anamenya machungwa. "Karibu, Nzai. Keti. Chungwa?" Nikasema sikuja kula, nimekuja kusema. Nikasema yote, jiko, chai, maji, khanga kuukuu. Nilisema nimeinama, na jasho likidondoka. Yeye aliendelea kumenya ganda lisikatike. Nilipomaliza akasema:

"Twajua."

"Mwajua nini, mzee?"

"Athmani na stika wapi na wapi? Likoni yote yajua hakupata kuzigusa. Siku ile ile barabarani twalijua anasema uongo. Hakuwa hodari wa uongo, maskini."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona mkamnyima bango, mkanipa mimi? Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Nani alimnyima? Yeye ndiye alitwambia, mpeni Nzai. Mpeni peke yake. Akiwa peke yake juu ya ngazi, na jina lile mkononi, atasema. Mwaka wa kwanza twakungoja. Mwaka wa pili twakungoja. Yeye akitwambia, msimharakishe."

Miaka yote hiyo, mwalimu, nilikuwa nikipita mitaa ya Likoni nimebeba siri yangu kifuani kama yai, nikiogopa kukohoa. Kumbe kila niliyemsalimu anaijua. Muuza samaki je? Naye pengine. Nilitamani ardhi ya pale mlangoni ifunguke, na najua ilivyo ngumu, hata mchicha hauoti. Nikamwambia Mzee Bakari, basi, sasa nimesema. Akanipa nusu ya chungwa, akanijibu polepole:

"Umesema kwangu. Athmani hakusema kwangu. Alisema barabarani."

Nimekula lile chungwa nikilia, na lilikuwa chachu.

Wiki mbili zimebaki kufika Maulidi. Kijana wa ile mashine ya mjini aliniambia anaweza kunikatia maneno yote kwa saa moja. Nimemshukuru. Nitatumia michoro yako ya mwaka jana, nimeitunza, na nitaikata kwa wembe, na makombo yote yataenda mnazini kwenye mfuko wake. Neno la Nabii nitalibandika la mwisho. Nukta tatu nitazikata mpya. Ya nne nilifikiri nitaitoa kwenye kifuniko, iende mahali pake. Lakini uliibandika vizuri mno, na nimeelewa kwamba haikuwekwa pale ili itoke. Nitakata nne.

Kisha, kabla halijapandishwa, wakati lingali limelazwa mikononi mwa watu na matwari hayajaanza, nitasimama chini ya nguzo ile ile. Mke wangu nimemwambia. Alikwenda kuipiga pasi suruali yangu ya kanisani, na wiki mbili bado. Nitasema kwa besi, mpaka wa mwisho kwenye safu asikie, kwamba mwaka ule aliyebandika hakuwa Fundi Athmani. Nitayasema yale maneno yako mawili, mwalimu, kwa kinywa kilichopaswa kuyasema. Watakavyonifanya baada ya hapo ni haki yao. Wakitaka bango lipewe mwingine, nitamshikia ngazi. Ngazi naijua.

Ninakuahidi hilo, na ahadi naiandika kwa wino hata kama unajivuta.

Ulale kwa amani pale makaburini, chini ya mti wenu wa mkungu. Bi Mwanaisha hajambo, watoto hawajambo, timu yako imefungwa tena, hili si utani. Ijumaa uliponiuliza nilikuwa nalo la kukwambia, kila Ijumaa nilikuwa nalo. Nisamehe kwa kukungojesha mpaka ukaondoka.

Naenda kazini sasa, turubai limeshatandikwa. Nimeosha mikono mpaka viwikoni. Chupa ya spiriti iko mbele yangu, imejaa, na chai leo sijapika.

Mwanafunzi wako aliyechelewa,
Nzai